Habari ya Kisu cha Kukunja Kisicho na Kufuli

Leo sitasema habari ya jembe wala ya mbegu. Nitasema habari ya kitu kidogo kilichomo mifukoni mwa watu wengi: kisu cha kukunja. Kwa kisu hiki mnakata kamba ya gunia, mnamenya muhogo, mnachonga kabari ya jembe. Ni kitu chema. Lakini wengi hawajui namna kinavyofanya kazi, na kwa sababu hiyo vidole vinakatwa.

Visu hivi si vya namna moja. Kule Savoie, nchi ya Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu chenye mpini wa mti, bila springi. Mti wenyewe unabana chuma. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya kukaza, lakini vile vidogo kabisa havina pete hata leo. Katika mji wa Thiers, Ufaransa vilevile, kisu Douk-Douk kinatengenezwa tangu mwaka 1929. Mpini wake ni bati nene lililokunjwa, na springi yake ina nguvu sana. Hicho nacho hakina kufuli. Kile Okapi, chenye jina la mnyama wa msitu wetu wa Ituri, kina pete na meno ya kushika, hicho tukiache.

Sasa sikilizeni vizuri. Springi iko mgongoni mwa mpini, nayo inasukuma kitako cha chuma. Kisu kikifunguka, springi inakishika. Inakishika, lakini haikifungi! Ukikata kwa makali, nguvu ya mkono inasukuma chuma upande wa kufunguka, nacho hakiwezi kukunjika. Ukichoma kwa ncha, au ukisukuma kwa mgongo wa kisu, nguvu inageuka. Springi inashindwa, chuma kinarudi nyumbani kwake, na vidole vyako vimo mlangoni.

Kwa hiyo msitoboe kitu kwa kisu hiki. Kama mnataka tundu katika ngozi au katika mkebe, tumieni msharasi, au msumari na nyundo. Hatari nyingine ni kisu kilichokwama katika mti. Mtu anainua mpini ili akitoe. Mti unashika chuma, mpini unazunguka, na kidole cha shahada kinakatwa hata mfupani. Shikeni chuma kwa mgongo wake, kwa mkono wa pili, mkivute polepole kama kilivyoingia. Tena msikitumie kubandua kifuniko cha debe. Msumari wake ni mdogo, utalegea. Na msimenye waya wa umeme kwa kisu cha mpini wa bati. Wengine wanafanya hivyo, nami nashangaa kwamba bado wako hai.

Wakati wa kufunga, sukuma mgongo wa chuma kwa kiganja, vidole vyote vikiwa nje ya mfereji. Usifunge huku unazungumza na mtu.

Kuna jambo jingine, nalo ni la shamba. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, kisha ukaenea Kivu. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza, na mgomba ukikatwa unatoa usaha wa manjano. Kisu kinachukua ugonjwa huo kutoka mgomba mmoja mpaka mwingine. Panga mnaweza kulipitisha motoni mpaka liwe la moto sana. Kisu cha kukunja, je? Utomvu unajificha pale kwenye msumari, na mkikitia motoni mpini unaungua na chuma kinapoteza ukali. Basi kisiingie kabisa katika migomba. Lile ua la dume mlivunje kwa kijiti chenye panda, bila chuma chochote. Nawaambia kweli, mwenye kisu kizuri mfukoni ataona uvivu kutafuta kijiti. Atafute.

Mtu akijikata, aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, akandamize kwa kitambaa safi, aende kwa munganga kuuliza habari ya sindano ya pepopunda. Asitie udongo, wala samadi, wala majivu.

Kisu chenyewe kikaushwe kila jioni, kipakwe mafuta kidogo kwenye msumari. Mawese hayafai, yanaganda.

Mkienda sokoni kununua, msiangalie rangi ya mpini. Fungueni chuma, mkitikise kushoto na kulia: kikicheza, rudisheni. Kisha mkifunge nusu, mkiachilie. Springi nzuri mtaisikia kwa sikio.