Nani Huiamuru Korodani ya Kijusi?



Kipimo cha mimba cha mkojo kinauzwa karibu kila duka la dawa. Mstari wa pili ukitokea, kilichonaswa ni homoni ya hCG, inayotengenezwa na kondo la nyuma. Wengi tunaijua kwa kazi hiyo, na kwa kuilinda mimba changa. Jioni ya leo nadai kwamba homoni hiyo hiyo ndiyo inayoisukuma korodani ya kijusi kumjenga mtoto wa kiume, na kwamba ubongo, tuliozoea kuuhesabu mkuu wa kila jambo mwilini, hapo mwanzoni hauna mkono.

Kwamba korodani ndiyo mjenzi, tunalijua tangu mwaka 1947. Mfaransa Alfred Jost aliviondolea vijusi vya sungura korodani vikiwa bado tumboni mwa mama, na vyote vikakua kwa umbo la kike. Alipoweka chembe ya testosteroni, mirija ya kiume ilidumu, lakini ile inayogeuka mji wa mimba haikutoweka. Kumbe korodani hutoa vitu viwili. Cha pili, homoni ya seli za Sertoli, kinastahili mhadhara wake.

Kwa binadamu, seli za Leydig huonekana kwenye wiki ya 8 hivi. Hizo huichukua kolesteroli, yenye atomi 27 za kaboni, na kuipunguza hatua kwa hatua hadi testosteroni yenye atomi 19. Penye ugumu ni mwanzoni, kolesteroli inapoingizwa ndani ya mitokondria. Kazi hiyo ni ya protini iitwayo StAR, nayo huamshwa homoni inaponasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli. Kipokezi hicho hupokea LH, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya amri ya ubongo, na hupokea hCG vilevile. Sasa tazameni kalenda: wiki hizo pituitari ya kijusi bado haijatuma LH ya maana, ilhali hCG inakaribia kilele chake. (Na tusidhani amri inatoka kwa mama. Seli za kondo zinazotoa hCG zimetokana na himila yenyewe.)

Ushahidi ninaouthamini zaidi umetoka kwa wagonjwa. Mwaka 1992 zilichapishwa habari za kijana ambaye LH yake, kwa kasoro ya jeni, haikuweza kushika kipokezi. Alizaliwa na maumbile ya kiume, ila balehe ikamkwama. Lakini mtoto mwenye kromosomu Y ambaye kipokezi chenyewe hakifanyi kazi kabisa, huzaliwa na umbo la nje la kike. Yule wa kwanza alikosa LH tu. Huyu amekosa LH na hCG kwa pamoja. Panya hawatusaidii hapa. Hawana hCG, na madume waliofutiwa kipokezi hicho maabara huzaliwa madume kamili.

Baadaye katika mimba, hCG ikishapungua, pituitari hushika usukani. Ndiyo maana mtoto asiye na pituitari timamu huweza kuzaliwa na uume ulioumbika vizuri lakini mdogo mno, na mara nyingi korodani hazijashuka.

Kuna jambo moja la kliniki ambalo nisingependa mtoke bila kulisikia. Baada ya kuzaliwa, LH ya mtoto wa kiume hupanda tena, na testosteroni hufikia kilele kati ya mwezi wa 1 na wa 3. Ifikapo mwezi wa 6 imeshashuka, na hukaa chini hadi balehe. Katika kipindi hicho kifupi, damu kidogo hutuambia kama pituitari na korodani zinawasiliana. Kikipita, kipimo hicho hicho hakituelezi kitu.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinaangukia humo humo. Mama amekuja, mtoto yuko mezani, kadi iko wazi. Ningetaka nepi ifunguliwe, korodani zote mbili zipapaswe, uume utazamwe. Uume ukiwa mdogo mno, rufaa iandikwe siku hiyo, na sukari ya damu ipimwe, kwa sababu pituitari iliyoshindwa kutoa LH huenda imeshindwa pia kutoa homoni zinazomlinda mtoto asiishiwe sukari. Na korodani zote mbili zikikosekana, msiandike tu kwamba hazijashuka: mtoto huyo anaweza kuwa wa kike mwenye ugonjwa wa tezi za juu ya figo, na ugonjwa huo huua mapema.