Jina juu ya mlango, kazi ndani ya mikono: historia ya NIIT



Nianze na swali. Nani hapa ana cheti cha informatiki? Nyosheni mikono. Sawa, ni wengi. Sasa abaki na mkono juu yule ambaye hicho cheti kilimupatia kazi.

Mumeona. Teremsheni mikono. Simcheki mtu: changu mimi kiko ndani ya valizi mpaka leo. Njo maana nataka tuongelee kampuni moja ya India iliyouza masomo ya ordinatere kuliko karibu zote za wakati wake. Inaitwa NIIT. Historia yake inatuonyesha cheti kinapata nguvu wapi, na kinaipoteza namna gani.

Tuanzie mwaka 1978. Serikali ya India ilikuwa imelazimisha kampuni za kigeni zipunguze hisa zao mpaka asilimia 40. IBM ikakataa, ikafunga, ikaenda. Kampuni za wenyeji zikaingia pale, moja yao ni HCL. Rajendra Pawar, kijana aliyesoma uenjiniya kwenye IIT Delhi, alikuwa anatumika pale. Akaona jambo lenye kuonekana dogo: mashini zinauzwa, lakini watu wa kuzitumikisha hawako. Mwaka 1981, yeye na wenzake Vijay Thadani na P. Rajendran wakaanzisha kampuni ya kufundisha.

Angalieni jina walilochagua: NIIT, maana yake Chuo cha Taifa cha Teknolojia ya Habari. Ukisikia hivyo unawaza ni cha serikali. Apana. Ilikuwa biashara ya watu binafsi tangu siku ya kwanza. Jina lenyewe lilikuwa linaita wazazi.

Sasa, wangefungua kila mji na makuta gani? Wakatumia mpango wa franchaizi. Mtu wa mji fulani mwenye mtaji analeta nyumba, ordinatere na mishahara. NIIT inaleta jina, vitabu, mpango wa masomo, mafunzo ya walimu na mitihani. Minervali ya wanafunzi wanagawana. Kwa ufupi, ni kukodisha jina pamoja na sheria zake.

Nasema tena: pamoja na sheria zake. Siri iko pale. Kama jina lingekodishwa peke yake, kila mtu angefundisha anavyotaka, na jina lingekufa haraka. Lakini kijana wa mji mdogo alisoma somo lilelile na yule wa Delhi. Bosi akiona cheti, alijua kuna nini ndani. Tena kozi yao kubwa, GNIIT, ilifuatwa sambamba na masomo ya chuo kikuu, na mwishoni mwanafunzi alipelekwa kutumika ndani ya kampuni kwa muda. Alitoka pale amekwisha kugusa kazi.

Mpaka hapa ni hadithi nzuri. Lakini tusidanganyane. NIIT haikuumba zile kazi. Mwaka 1984 serikali ya Rajiv Gandhi ilipunguza kodi za kuingiza ordinatere. Mwaka 1991 uchumi ukafunguliwa. Kisha ikakaribia 2000, na dunia nzima ikaogopa mashini zitachanganya tarehe. Marekani na Ulaya zikatafuta waandishi wa programu kila pahali. Vijana wakapanga mistari kwenye NIIT na kwa mushindani wake Aptech, aliyeanza 1986.

Halafu? Biashara za intaneti zikaanguka Marekani, kazi zikapunguka, na wanafunzi wakapunguka. Vituo vingi vikafungwa. Vitabu vilikuwa vilevile, walimu walewale. Kilichoondoka ni ile kazi iliyokuwa inangoja ng'ambo ya mlango. Mwaka 2004 NIIT ikatenga upande wake wa kutengeneza programu uwe kampuni ya peke yake, ambayo tangu 2020 inaitwa Coforge.

Kuna jambo lingine. Wale wasiokuwa na minervali walikuwa wapi? Walikuwa nyuma ya ukuta, kabisa. Ofisi ya NIIT kule Kalkaji, Delhi, ilipakana na mtaa wa maskini. Mwaka 1999 mutafiti wao, Sugata Mitra, akatoboa ule ukuta, akaweka ordinatere ikiangalia mtaa, bila mwalimu. Watoto ambao hawakuwahi kuigusa wakaanza kutembea ndani ya intaneti wao wenyewe, wakifundishana. Watafiti wengine walipinga, wakisema kioo bila mwalimu hakifikishi mtoto mbali. Nafikiri pande zote mbili zina haki. Akili haikukosekana mule mtaani. Lakini tundu ya ukuta haiwezi kuchukua nafasi ya shule.

Basi, siye tunabeba nini?

Kabla ya kulipa dola yako kwenye kituo chochote, uliza maswali matatu. Moja: nani anatunga mtihani, ni yule yule anayepokea makuta yangu? Mbili: nitagusa mashini saa ngapi kwa juma, peke yangu ao tukiwa wanne? Tatu: waliomaliza mwaka jana wanatumika wapi leo? Wakikosa kujibu, rudisha pesa mufukoni. Rangi ya mlango na jina kubwa si jibu.

Na kuna swali la ine, lenyewe si la kituo. Kampuni inafundisha mwenye kulipa. Hiyo ni biashara, na sio zambi. Lakini yule mdogo wetu asiyekuwa na kitu, kumufungulia mlango ni deni la serikali. Tusiache mtu atuambie kwamba soko litamufikia. Kule Delhi, ili limufikie, ilibidi ukuta utobolewe.

Sasa tuongee: nani anaanza?