Kuchagua Mafunzo ya Silaha kwa Ajili ya Kulinda Nyumba

(Hotuba kwa wafanya biashara, wafugaji na wenye maboma wa Migori na Homa Bay)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya jambo ambalo wengi hulizungumza kwa kunong'ona, nalo ni silaha ya kulinda nyumba. Katika Migori na Homa Bay wako watu ambao kazi zao huwanyima usingizi: mnunuzi wa dhahabu huko Macalder, mwenye duka la jumla Rongo au Oyugis, tajiri wa samaki wa Mbita anayerudi jioni na fedha za siku nzima, na mfugaji wa Kuria aliyewahi kuamka akakuta zizi li tupu. Baadhi yao wamekwisha kupata cheti cha silaha kwa njia ya halali, na wengine wanafikiri kukiomba. Maneno yangu ni kwa hao, na swali lao ni moja: Nitachaguaje mafunzo yaliyo mema?

Kwanza tuikumbuke sheria. Katika Kenya, kuwa na bunduki si haki ya kila mtu kama kuwa na jembe. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo asili yake ni miaka ya 1950, yasema ya kwamba mtu asinunue wala asiwe na silaha au risasi bila cheti. Na cheti hapewi ila mtu mwenye sababu njema, ambaye kumwamini na silaha hakutahatarisha amani ya watu. Kutoa vyeti ni kazi ya Bodi ya Leseni za Silaha, na mwezi wa Desemba 2018 Serikali iliamuru hata wenye vyeti vya tangu zamani wachunguzwe upya. Basi mtu akikuambia kwamba aweza kukupatia bastola kwa siri, na mafunzo atakupa yeye mwenyewe kichakani, jua ya kwamba anakuonyesha njia ya gerezani. Silaha haramu zaidi ya 5,000 zilichomwa moto na Serikali mwezi wa Juni 2021. Usiiongeze yako katika hesabu hiyo.

Sasa litazameni boma la Kijaluo kama lilivyojengwa kwa desturi. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, na karibu na lango ndipo zilipo simba, yaani nyumba za wana wa kiume. Baba akisimama mlangoni pake usiku, akapiga risasi kuelekea langoni, anapiga kuelekea wanawe. Ukuta wa udongo si kinga ya kutegemea, na mabati hayazuii kitu. Risasi ikimkosa mwizi haifi papo hapo. Huendelea na safari yake mpaka ipate mahali pa kukoma.

Tena, ni nani atembeaye usiku katika nchi hii ya ziwa? Mvuvi wa omena hutoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri. Kijana hurudi kutoka matangani saa nane za usiku. Mama huamka kumtazama ndama mgonjwa. Kwa hiyo mlio wa hatua gizani hauwezi kuwa ushahidi kwamba mwizi amefika. Yafaa mtu alijue neno hili kabla hajajua namna ya kulenga shabaha.

Nitawapa mifano miwili iliyo wazi kwa watu wote. Mwezi wa Mei 2006, katika shamba la Soysambu, Bonde la Ufa, Bwana Thomas Cholmondeley alikutana na watu aliowadhania kuwa wawindaji haramu. Yeye alisema kwamba alipiga mbwa wao; lakini mmoja wa watu wale, mwashi wa mawe, alipatwa na risasi akafa. Mwezi wa Mei 2009 Mahakama Kuu ilimwona na hatia ya kuua bila kukusudia.

Mfano wa pili watoka Afrika Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mwanariadha mashuhuri Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akisema alidhani mwizi ameingia. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Katika kesi, mwaka 2014, mwalimu wa silaha alitoa ushahidi kwamba Pistorius alikuwa amefanya mtihani wa kuandika juu ya sheria ya kupiga risasi, akaufaulu. Desemba 2015 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ni kosa la kuua kwa kukusudia, kwa sababu apigaye risasi nne katika chumba kidogo ajua ya kwamba mtu aliye ndani aweza kufa, awe nani awaye. Oneni basi: majibu yalikuwa sahihi karatasini, na usiku ulipofika hayakumfaa kitu.

Kwa hiyo, msichague mafunzo kwa sababu mwalimu ana sifa ya kupiga upesi, wala kwa sababu picha zake zafanana na za sinema. Safari yaweza kuwa ndefu mpaka penye kiwanja cha shabaha kinachofaa, na gharama si ndogo. Kabla hujalipa, muulize mwalimu maswali haya.

La kwanza: Je, wewe na kiwanja chako mmekubaliwa na wenye mamlaka? Asiyekuonyesha hati, mwage kwa heri. Ukiwa na shaka, uliza kwa Bodi yenyewe au kwa mkuu wa polisi wa mahali pako.

La pili: Kila mwalimu ana wanafunzi wangapi wanaposhika silaha? Mwalimu mmoja hawezi kuitazama mikono ya watu ishirini. Wachache ni bora, hata kama ada itazidi.

La tatu: Je, utanifundisha sheria ya kujitetea? Sheria ya Jinai ya Kenya, Sura ya 63, hukubali mtu kujitetea nafsi yake na mali yake, lakini nguvu atumiazo ziwe za kadiri ya hatari iliyopo. Mwizi anayekimbia na kuku hamtishi mtu maisha yake. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo atakufanya mshtakiwa.

La nne: Je, tutajifunza mambo ya usiku? Mafunzo mema hufundisha kuwasha tochi, kuita kwa sauti, kumtambua mtu kabla ya lolote, na kujua kilicho nyuma yake. Hufundisha pia mpango wa nyumba nzima: mama na watoto wajifungie chumba gani, nani apige simu 999 au 112, na neno gani atamke kijana anayechelewa kurudi ili ajulikane. Mchoree mwalimu boma lako, umwonyeshe lango na simba zilipo. Akiutazama mchoro huo kwa makini na kukuambia ni upande gani usielekeze silaha kamwe, huyo ni mwalimu.

La tano: Je, wako wanaoshindwa mtihani wako? Mahali ambapo kila aliyelipa hupita, hapana mtihani. Pana duka la vyeti.

La sita: Je, utanifundisha kuzuia damu? Aliyejeruhiwa huko Mfangano hapana budi avuke ziwa kwa boti kabla ya kuifikia hospitali kubwa. Dakika za kwanza zi mikononi mwa aliye karibu naye.

Na mafunzo ya mara moja hayatoshi. Mkono husahau kama ulimi usahauvyo lugha isiyosemwa. Rudi kiwanjani kila mwaka, na zaidi kama waweza. Mambo haya yarudiwe mpaka yawe tabia: silaha ihesabiwe kuwa ina risasi siku zote, mdomo wake usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umekwisha kuamua, na usipige usichokiona wala usichokijua.

Nyumbani, silaha ilale katika kasha la chuma lenye kufuli, na ufunguo ukae kwako mwenyewe. Chini ya mto si mahali pake, kwa maana mtoto huona kila kitu. Ukinywa pombe, silaha isitoke kashani. Ikipotea au ikiibwa, arifu polisi mara moja. Na wenzetu wa Isebania wakumbuke kwamba cheti cha Kenya si ruhusa ya kuvuka na bastola mpaka Sirari. Tanzania ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2015.

Mwisho, tusidharau ulinzi wa zamani. Mlango imara, taa nje ya nyumba, mbwa anayebweka, fedha zilizopelekwa benki au kutumwa kwa simu kabla ya jua kutua, na jirani anayeitika akisikia yowe: hivyo havijaua mtoto wa mtu. Mwenye kuvitengeneza hivyo kwanza huenda akaona kwamba hana haja ya kuomba cheti. Na yule ambaye baada ya hayo bado ana haja, na ajifunze kwa mwalimu atakayemrudisha nyumbani akiwa mwepesi wa kutambua na mzito wa kupiga. Mali iliyoibwa hutafutwa tena. Mwana aliyepigwa risasi langoni na baba yake harudi.