Sanduku la Shule: Kumbukumbu ya Babu Yangu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama kwenye mkutano wetu wa mwaka, Dar es Salaam)



Nimeombwa nimzungumzie Babu yangu, seremala na askari wa zamani. Wengi mlimjua kwa kazi yake kuliko kwa jina. Dawati la mninga lisiloyumba, mlango usiolia, huenda ni mkono wake.

Baba yake alikuwa mpagazi. Kabla reli ya Wajerumani haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ilikwenda pwani kwa vichwa na mabega ya watu, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Mtu alibeba kilo 30 au zaidi, kilomita zipatazo 800 hadi Bagamoyo. Tukipita na Babu kwenye miembe ya njia ya Kwihara, alikuwa akituambia, "Kaeni kivulini, lakini mjue babu zenu walipita hapa na mzigo."

Naye zamu yake ya kusafiri ikafika. Akiwa kijana anayejifunza useremala aliingia Keya. Alipanda treni hapo hapo stesheni ya Tabora, kisha meli, hadi Ceylon na Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, njia ni matope matupu na malaria inaangusha watu. Mapigano yenyewe hakupenda kuyasimulia. Alichopenda kutusimulia ni daraja la Kalewa, lililojengwa juu ya Mto Chindwin Desemba ya mwaka huo, lenye urefu wa mita zipatazo 350. "Lile daraja," alisema, "ni vipande vilivyofanana. Kipande kimoja kinabebwa na watu sita. Wakiwa watano, hakiendi." Seremala huyo, hata vitani alitazama viungo!

Alirudi na nyota ya Burma na fedha kidogo zilizoishia kwenye msumeno, randa mbili, patasi na kekee. Akafungua karakana chini ya mwembe. Alitengeneza vitanda, milango, mizinga ya nyuki, na yale masanduku ya mbao ya wanafunzi wa bweni. Jeneza la mtu asiye na kitu hakulidai fedha. Siku moja nilimuuliza sababu. Akaendelea kupiga randa, kisha akanijibu, "Rafiki yangu nilimzika na blanketi tu."

Alifariki mwaka 2004. Baba mdogo akaendeleza kazi mpaka macho yakamshinda, na mwaka jana akanikabidhi ufunguo. Sasa niseme ukweli mbele yenu, maana wengine mmeshasikia: mimi nilitaka kuuza kile kiwanja. Kipo karibu na barabara, bei ilikuwa nzuri, nami nina watoto wanaosoma. Nilikwenda na dalali kabisa.

Tulipokuwa tunatoa vitu ndani, nikaona daftari la madeni. Kurasa nyingi ni masanduku ya shule: jina la mzazi, kijiji, kiasi kilichobaki. Pembeni ya majina mengi Babu ameandika kwa penseli, "Mtoto asome kwanza." Hakuna alama kwamba deni lililipwa baadaye. Nilikaa juu ya benchi lake nikasoma mpaka mwisho. Dalali akachoka kunisubiri, akaondoka.

Ndugu zangu, baadhi ya majina hayo ni ya wazazi wa watu waliomo ukumbini humu. Sitayasoma, kwa sababu Babu mwenyewe hakuyasoma. Lakini wenye masanduku yale mnajijua.

Familia tumekubaliana, na haikuwa rahisi: kiwanja na vifaa tunaviacha kwa umoja wetu, viwe mahali pa vijana kujifunza useremala. Kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne na kukwama nyumbani aje ashike randa. Paa linavuja, mabenchi ni mawili tu, na fundi mwalimu hawezi kuishi kwa shukrani. Hayo ndiyo tunayoyachangia leo.

Atakayetoa bati moja atoe, atakayetoa mshahara wa mwezi wa fundi atoe. Asiye na fedha, ana msumeno wa mzee wake umekaa darini unaota kutu, autoe. Mimi nimeleta kipande changu. Lakini kama alivyosema Babu, peke yangu hakiendi.