Gego la Miaka Sita
Huko Maua, Meru, mtafuna miraa hukaa na tonge shavuni kwa saa nyingi. Mbeere, kaunti ya Embu, ni majani ya muguka. Mdomo hukauka, na bigijii au soda ya kupunguza uchungu huacha sukari inayolisha bakteria waozeshao meno. Afadhali maji matupu, na mswaki wenye dawa ya floraidi kabla ya kulala.

Watoto je? Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Inasikitisha, maana tundu dogo huzibwa kwa kikao kimoja.

Uozo ukifika ndani, daktari husafisha mzizi na kuujaza. Kung'oa huja mwisho. Uvimbe wenye homa haungojwi: ni hospitali siku hiyo hiyo.