Hotuba Juu ya Vyombo vya Kuinua na Kushikilia Bodi za Siling

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi wa siling na wasaidizi wao. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mafundi, nanyi ndugu wasaidizi,

Leo tumekuja kusema juu ya jambo ambalo halijapata kuzungumzwa katika mkutano wetu, ingawa karibu kila mtu aliyeketi hapa amelibeba kichwani mwake. Twasema juu ya bodi ya siling, na jinsi ya kuipandisha na kuishikilia juu mpaka skrubu ziingie.

Mmezoea kutusikia tukinena habari za mishahara, saa za kazi na posho ya nyumba, na hayo hatutaacha kuyasema. Lakini sisi wa kamati tumeona kwamba wenzetu wa kazi hii wanapokuja ofisini kuomba msaada, mara nyingi taabu yao ni shingo, au bega lisilopanda tena, au mgongo. Wengine ni vijana bado. Ukimwuliza ni lini aliumia, hana siku ya kukutajia. Aliumia kidogo kidogo, bodi baada ya bodi.

Tuanze na uzito. Bodi ya jipsamu ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa milimita 12, ina kilo 25 hivi. Ile ya milimita 9 hukaribia kilo 20. Mtu atasema, "Kilo 25 ni nini? Mfuko wa saruji ni kilo 50 na twaubeba kila siku." Ni kweli, lakini mfuko wa saruji huubebi kwa mikono iliyonyoshwa juu ya kichwa, wala husimami nao hapo huku mwenzako akitafuta skrubu mfukoni. Wataalamu wa idara ya Marekani iitwayo NIOSH waliweka kipimo mwaka 1991, wakasema kilo 23 ndio upeo wa mzigo wa kuinuliwa na mtu mmoja, tena pale ambapo kila kitu ni chema: mzigo u karibu na mwili, mgongo haujapindwa, mahali pa kushika ni pazuri, na kazi si ya kurudiwa mara nyingi. Ukiondoa jambo moja katika hayo kipimo hushuka. Katika siling yameondolewa karibu yote.

Chukueni ukumbi wa futi 40 kwa 24. Utameza bodi 30. Hizo ni kilo 750, yaani mifuko 15 ya saruji iliyopandishwa juu ya vichwa vya watu na kushikiliwa huko mpaka fundi amalize kupigilia. Na ukumbi huo ni kazi ya siku mbili tatu tu, kisha kuna mwingine.

Ndugu zetu wa Pwani watatuambia kwamba dari si jambo geni katika nchi hii. Ni kweli. Nyumba za kale za Lamu na Mombasa zina dari za boriti za mikoko, na juu yake mawe na chokaa. Lakini dari ile hujengwa kutoka juu: boriti hulazwa juu ya kuta, naye fundi hufanya kazi akitazama chini kama watu wengine. Siling yetu hupigiliwa kutoka chini. Hapo ndipo mtu alipogeuzwa kuwa nguzo.

Tutawaambia habari moja. Katika kazi fulani ya nyumba ya ghorofa baadhi yetu tulikuwa wanne, tumesimama juu ya mbao mbili zilizowekwa juu ya mapipa. Watatu tumeshika bodi kwa vichwa na viganja, na wa nne ana drili. Skrubu ya kwanza ikaingia pembeni. Ya pili ikakosa mbao. Kisha skrubu za mfukoni zikaisha, na mwenye drili akashuka kwenda kuleta nyingine. Tukangoja. Mikono ikaanza kutetemeka. Mmoja wetu akateremsha upande wake kidogo apumzike, na uzito wote ukamwendea kijana wa mwisho, msaidizi aliyekuwa na siku ya tatu tu kazini. Bodi ikavunjika katikati. Kijana akapiga hatua nyuma, na nyuma hapakuwa na ubao. Akavunjika kifundo cha mkono.

Kontrakta akasema jina la kijana huyo halimo katika kitabu chake. Maneno yakaenda miezi, na kijana akarudi kwao kabla hayajaisha. Hayo ni mabaya, lakini liko jingine linalotuudhi zaidi, kwa sababu ni letu wenyewe. Chini ya jukwaa lile kulikuwa na vipande vya mbao za 2 kwa 2 vya kutosha kutengeneza miti mitatu ya T. Hakuna aliyevitazama. Sisi tulikuwa mafundi wa mbao, tukashika bodi kwa vichwa.

Basi mti wa T ni nini? Ni mguu mmoja wa mbao ya 2 kwa 2 iliyonyoka, isiyo na fundo kubwa katikati, na juu yake kipande kilicholala cha futi 3 na nusu hivi. Pigilia mikono miwili ya mshazari kutoka kwenye kichwa mpaka kwenye mguu, upande huu na huu, kwani bila mikono hiyo kichwa huyumba na bodi huteleza. Juu ya kichwa funga gunia kuukuu ili uso wa bodi usikwaruzwe. Chini ya mguu pigilia kipande cha mpira wa gurudumu, ule ule wa kukatia akala. Wengi huona mpira huo ni urembo, mpaka siku wanapofanya kazi juu ya vigae.

Urefu ndio wenye maana kuliko yote, na hapa twaomba msikilize vizuri. Pima kutoka sakafuni mpaka upande wa chini wa mbao za kupigilia bodi. Tuseme umepata futi 9 kamili, yaani inchi 108. Toa unene wa bodi, nusu inchi, zimebaki 107 na nusu. Sasa mti wote, pamoja na unene wa kichwa chake, uzidi nafasi hiyo kwa nusu inchi, yaani uwe inchi 108. Kwa nini uzidi? Kwa sababu hausimami wima kabisa. Unaupeleka kichwa kwenye bodi na mguu ukiwa nje, kisha unausukuma mguu ndani mpaka ubane. Kwa nusu inchi ile mguu utasimama kama inchi 10 nje ya mstari wa wima, na hapo hushika vizuri. Ukiuzidisha kwa inchi mbili, mguu utakwenda karibu inchi 21 nje, na mti ulioinama hivyo hutaka kuteleza. Ukiukata sawasawa na nafasi yenyewe hautabana hata kidogo, utaanguka kila lori likipita barabarani.

Sakafu nyingi za majengo mapya si sawa. Pima mahali pawili au patatu, ukate kwa kipimo kifupi, na pale penye shimo weka kabari chini ya mguu. Mti wa chumba kimoja usiupeleke chumba kingine bila kupima. Tumeona mtu akiupiga kwa nyundo mti mrefu mno ili uingie, na kichwa cha mti kikatoboa bodi.

Pamoja na mti wa T liko jambo jepesi zaidi, nalo ni kipande cha kukalishia. Pigilia ukutani mbao ya 2 kwa 1, inchi moja hivi chini ya mbao za siling. Ukingo wa bodi huingizwa juu ya kipande hicho, nao hukaa. Sasa upande mmoja umekwisha kubebwa na ukuta, na watu wawili waweza kupandisha upande wa pili na kuuwekea mti. Ukifika katikati ya chumba, mahali pasipo na ukuta, tumia miti miwili, kila mmoja kama futi 2 kutoka mwisho wa bodi. Mtu mmoja ndiye atoe sauti ya kuinua, na wengine wanyamaze. Tangu zamani watu wa kazi nzito katika nchi hii wamesema "harambee" ili wainue pamoja, na sababu yake haijabadilika.

Mti usiondolewe mapema. Anza skrubu katikati ya bodi ukielekea ukingoni, kiasi cha inchi 9 kati ya skrubu na skrubu. Skrubu nne za pembeni hazitoshi kuacha bodi peke yake, hata kama nyapara anasema twende mbele.

Wengine hutumia propu za chuma, zile za kushikilia slabu, na kuweka ubao juu yake. Zafaa, ila zina nguvu kuliko bodi. Ukikaza skrubu ya propu kwa nguvu utaponda jipsamu na hutaona ufa mpaka rangi imepakwa. Kaza kwa mkono tu, ikigusa uache.

Tena angalieni siling za fremu ya chuma zinazoning'inia kwa waya. Siku hizi kazi nyingi za maofisi ni za namna hiyo. Fremu hiyo haina kitu cha kuizuia isipande. Ukibana mti wa T kwa nguvu unaiinua fremu yote pamoja na bodi, unapiga skrubu, unaondoa mti, na siling inashuka na kupinda. Hapo lawama ni juu ya fundi. Kwa fremu kama hizo mti uguse tu, au itumiwe winchi.

Tumeitaja winchi. Wengi mmeiona na wengine mmeisikia tu. Ina miguu mitatu yenye magurudumu, mlingoti unaorefuka kwa kuvutwa na kamba ya chuma, na mikono juu inayoinama ili bodi ipakiwe ikiwa kiasi cha kiuno. Mtu mmoja huzungusha usukani na bodi hupanda. Nyingi hufika futi 11 na kubeba kilo 68 hivi. Ni chombo kizuri sana, lakini kina meno. Kamba ikiwa na nyuzi zilizokatika, isitumike. Magurudumu yafungwe kabla ya kupandisha. Asisimame mtu chini ya bodi inapopanda. Wala usiuachie usukani kabla breki haijashika, maana ukikuponyoka huzunguka wenyewe, na huvunja vidole vya mtu anayejaribu kuukamata.

Sasa tufike penye ubishi. Katika mkutano uliopita ndugu mmoja aliuliza, "Mkidai winchi, je, hamwoni kwamba mnaua kazi ya wasaidizi? Leo bodi inashikwa na watu wanne. Kesho winchi moja na watu wawili." Swali hili si la kuchekwa. Aliyeliuliza ni msaidizi mwenyewe, mwenye watoto, na sisi hatukuwa na jibu siku ile. Tumekaa kamati mara mbili juu yake.

Jibu letu ni hili, na mtaamua wenyewe kama mwalikubali. Hatuwezi kuwaambia wanachama walinde kazi ya kuwa nguzo. Shingo ya msaidizi ikiharibika ana miaka 30, kazi hiyo imekwisha vile vile, tena hakuna anayemlipa. Lakini pia hatutadai winchi halafu tumwachie kontrakta faida yote. Tunataka iandikwe katika mapatano kwamba pale winchi inapoingia, wasaidizi waliokuwapo wasifukuzwe mpaka kazi ile imalizike, bali wapewe kazi ya kukata, kuziba viungo na kupiga plasta, wajifunze ufundi. Katika kazi hiyo hapakosi nafasi, kwa sababu bodi zikipanda upesi viungo huwa vingi vya kuziba.

Wako miongoni mwetu wanaosema huo ni ulegevu, ati tungekataa mashine kabisa. Wako wanaosema tumemwomba kontrakta mambo mengi mno. Tumewasikia wote, na kura itapigwa.

Liko na jambo la malipo ya kipande. Fundi anayelipwa kwa hesabu ya bodi haoni nafasi ya kukaa nusu saa atengeneze miti miwili ya T. Kila dakika ni senti zake. Kwa hiyo twadai miti na vipande vya kukalishia viwe sehemu ya kazi inayolipwa, na mbao zake zitolewe na mwenye kazi, kama anavyotoa mbao za jukwaa. Msikubali kuambiwa kwamba ni fadhili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumwumiza. Na sheria ya mwaka huo huo juu ya fidia ya walioumia kazini yamlazimu mwajiri kuweka bima. Mkiona mtu mpya kazini, fundi au kibarua, mwulizeni siku ile ile kama jina lake limeandikwa. Ikiwa halikuandikwa, mleteni ofisini kabla hajapanda juu ya jukwaa.

Tumesema mengi na wengine wametoka mbali. Nyuma ya ofisi tumesimamisha mbao mbili za 2 kwa 2 kwenye kimo cha futi 9, na bodi moja ya milimita 12 iko hapo chini. Mbao za kutengenezea mti zipo, na msumeno upo. Mpira wa gurudumu tumeupata kwa fundi wa viatu wa hapa jirani. Mwenye tepu aje nayo. Wasaidizi ndio watakaopima na kukata, na mafundi watasimama kando watazame.