Juu ya Kuku Aliyepinda Shingo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Buguruni



Tuliombwa kusema maneno machache juu ya ufugaji wa nyumbani, nasi tumechagua jambo moja tu, maana ndilo tuulizwalo mara nyingi na wenzetu. Kuku wa nyumbani, mwenye jina lake, ajulikanaye na watoto wote wa uani, aonekana asubuhi shingo imepinda, kichwa kimegeuka nyuma au kimeingia chini ya kifua, naye azunguka-zunguka mahali pamoja. Hatusemi juu ya kuku wa biashara walio mamia bandani. Twasema juu ya yule mmoja, au wale watano, walao makombo ya jikoni kwetu. Mwenye nyumba hutafuta kisu, watoto hulia, na jirani husema ni shetani. Wote watatu wamekwisha kata shauri kabla ya kuuliza lolote.

Kupinda shingo si ugonjwa, ni dalili, kama homa ilivyo dalili kwa mwanadamu. Homa yaweza kuwa ya malaria, yaweza kuwa ya jino bovu, wala hakuna tabibu awapaye wote dawa moja. Basi kabla ya kisu, na kabla ya dawa, yafaa mwenye kuku ajiulize: je, wako kuku wengine waliougua au kufa, kwangu au kwa jirani, katika majuma mawili haya? Kuku huyu hula nini kila siku? Je, amepigwa, au ameangukiwa na kitu?

Ikiwa jibu la swali la kwanza ni ndiyo, tazameni kama wamo wenye kuharisha kijani, wenye kuhema kwa shida, wenye mbawa zilizolegea. Huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Waingereza waliupa jina la mji wao wa Newcastle, ulikotambuliwa mwaka 1926, na mwaka uo huo ulionekana Java. Asili yake ni kijidudu kidogo mno kiitwacho kirusi, nacho hukaa mwilini siku 2 mpaka 15 kabla kuku hajaonyesha lolote. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa waweza kuwamaliza karibu wote, na wachache wanaosalia ndio mara nyingi huwa na shingo iliyopinda, kwa kuwa ugonjwa umefika katika ubongo na mishipa ya fahamu.

Hapa hatuna budi kusema wazi: mdondo hauna dawa. Vidonge vya tetrasaiklini vinunuliwavyo dukani havimpati kirusi. Mshubiri na pilipili katika maji ya kunywa ni desturi ya wazee wetu, wala hatuidharau, lakini kirusi hakifi kwa uchungu wala kwa ukali. Kuku wa namna hii atengwe upesi, na aliyekufa azikwe shimoni au achomwe moto, asitupwe bondeni Msimbazi. Mwenye kumshika anawe mikono, asijiguse macho, maana kirusi hiki huweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku chache. Na liko jambo moja lituhuzunishalo. Wako watu ambao wakiona kuku wa kwanza ameanguka, huwakusanya waliobaki katika tenga na kuwapeleka sokoni kabla jua halijapanda. Fedha wamepata, na ugonjwa wamewagawia watu wa mitaa mingine.

Lakini kama hakuna kuku mwingine aliyeugua, msikate tamaa. Angalieni chakula.

Jambo hili lilijulikana kwanza kwa kuku, na habari yake yawafaa makarani. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, mji wa Java uitwao leo Jakarta. Kuku wa maabara yake walianza kuyumba, kisha wakalegea miguu na kupooza. Alitafuta kijidudu, asikione. Baadaye wakapona wote, pasipo dawa. Alipochungua aligundua kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa askari hospitalini, mpaka alipokuja mpishi mpya, ambaye alikataa wali wa jeshi usiliwe na kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapata nguvu. Sisi tuliozoea kulaumiwa kwa kushika kanuni mno, tumkumbuke mpishi huyo! Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929 pamoja na Mwingereza Hopkins. Kitu kilichokosekana katika wali ule ni vitamini B1, na mwaka 1926, huko huko Java, wataalamu waliweza kuitoa safi katika pumba za mpunga.

Sasa tutazame nyumba zetu. Twala wali, na kuku wetu hula ukoko na makombo ya wali, siku hadi siku, hasa yule apendwaye na kufungiwa ndani asiibiwe. Mwenzake azururaye mtaani hupata wadudu, majani na mbegu. Huyu apata wali mweupe. Kuku aliyekosa vitamini hiyo hurudisha kichwa mgongoni, akawa kama atazamaye nyota. Apewe pumba za mpunga, nazo ziwe mpya, pamoja na vitamini B ya dukani iliyosagwa na kuchanganywa katika chakula. Yule auzaye dawa za mifugo ataeleza kipimo. Kama sababu ndiyo hiyo, nafuu huonekana upesi, pengine kwa siku moja au mbili. Vifaranga wao huhitaji pia vitamini E, nayo hupotea katika chakula kilichokaa mpaka kikanuka mafuta mabaya. Majani mabichi ya mchicha na nafaka iliyochipua huwafaa.

Juu ya kupigwa hatuna mengi. Kuku aliyegongwa na baiskeli, au kudonolewa kichwani na jogoo, huachwa penye giza na utulivu. Na msichanganye shingo iliyopinda na shingo iliyolegea kama kamba. Hiyo ya pili mara nyingi ni sumu ya mizoga na funza wa jalalani, na kuku huyo asiliwe.

Kumuuguza ni kazi ya subira. Awekwe katika boksi lililotandikwa kitambaa, na kitambaa kingine kikunjwe kama kata kuizunguka shingo yake, asipinduke chali. Asiachiwe bakuli la maji lenye kina, maana atazama kichwa. Anyweshwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, pembeni mwa mdomo, wala asimiminiwe kooni maji yakaingia mapafuni. Uji mwepesi apewe mara kadhaa kwa siku, na mtu amshikie kichwa wima alapo. Watoto waweza kazi hii kuliko sisi. Huenda majuma kadhaa yakapita. Aliyenusurika mdondo pengine atabaki na shingo yake hiyo maisha yote. Akiweza kula mwenyewe, na aachwe aishi. Akishindwa kabisa, kisu ni huruma.

Ndugu wanachama, mdondo usio na dawa una chanjo, nayo haiko mbali. Temeke Veterinari twapapita kila siku garini. Chanjo ya maabara ya mifugo ya hapo huitwa Temevac, na mbegu yake, iitwayo I-2, ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa isiachwe juani. Tone moja katika jicho moja latosha kwa kila kuku, mkubwa na kifaranga, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Hupewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimponyi.

Ila chupa moja ni ya kuku wengi, na ikiisha kufunguliwa haiwekwi akiba mpaka mwezi ujao. Mwenye kuku watano akinunua peke yake, nyingi itamwagwa, na kuku wa jirani wasiochanjwa wataendelea kuulea ugonjwa ukutani pake. Kwa hiyo twapendekeza mtaa wote uchanje siku moja, mwezi wa Januari, Mei na Septemba, na gharama igawanywe kwa hesabu ya kuku. Daftari liko mezani kwa Katibu. Kila mmoja aandike idadi ya kuku wake, na vifaranga pia, na tarehe ya kuku wa mwisho aliyemfia.